Sauti ya Kuazima: Kuch Kuch Hota Hai katika Masikio ya Bujumbura

Filamu ya Kuch Kuch Hota Hai, ambayo ndiyo kazi ya kwanza ya mwongozaji Karan Johar na ambayo ilianza kuonyeshwa tarehe 16 Oktoba 1998, ni miongoni mwa picha za Kihindi zilizopendwa mno katika Afrika Mashariki, na nyimbo zake, zilizotungiwa muziki na ndugu wawili Jatin na Lalit Pandit na kuandikiwa maneno na mshairi Sameer, hutambulika hadi leo na watu wasiojua hata kusalimiana kwa Kihindi. Bujumbura ni mji unaofaa kulitafakari jambo hilo, kwa kuwa kila lugha mjini humo ina makao yake: Kirundi ni cha nyumbani na cha taifa zima, Kifaransa ni cha shule na ofisi, Kiswahili ni cha soko, cha bandari, cha mtaa wa Buyenzi na cha sehemu kubwa ya nyimbo za mapenzi, ilhali Kihindi hakina mtaa wala kaya ya kukitegemea. Hata wafanyabiashara wenye asili ya India ambao mtaa wao huitwa kwa Kifaransa Quartier Asiatique ni wajukuu wa watu waliotoka zaidi Gujarati na Kachi, ambao nyumbani walizungumza Kigujarati au Kikachi, kwa hiyo kwao pia Kihindi cha sinema kilikuwa lugha ya kujifunzia ukumbini. Jibu linalotolewa mara kwa mara, kwamba muziki hauhitaji lugha, halitoshelezi, maana iko miziki mingi iliyofika katika mwambao wa Ziwa Tanganyika na kupita bila kuacha alama. Wimbo wa Kihindi ulikaa, na sababu ya kukaa kwake imo ndani ya namna wimbo wenyewe unavyotengenezwa na ndani ya historia ya Kiswahili kilichoupokea.

Katika sinema ya Kihindi mwigizaji anayeonekana akiimba kwa kawaida siye anayeimba. Hapo mwanzo, katika filamu ya Alam Ara ya mwaka 1931, ambayo ndiyo ya kwanza ya India kuwa na sauti na iliyokuwa na nyimbo 7, waigizaji waliimba wenyewe mbele ya kamera, lakini tangu mwaka 1935 mafundi walianza kurekodi wimbo kwanza, kwa sauti ya mwimbaji stadi, kisha kuupiga kwenye jukwaa la kupigia picha ili mwigizaji aufuate kwa midomo. Utaratibu huo ulizaa tabaka zima la waimbaji wasioonekana, wakiwamo Lata Mangeshkar, Mohammed Rafi na Mukesh, ambao majina yao yalikuwa makubwa sawa na ya waigizaji na pengine kuyapita, na watazamaji hawakuhesabu kwamba wamedanganywa, kwa sababu walijua tangu mwanzo kwamba uso ni wa mtu mmoja na sauti ni ya mwingine, na waliwapenda wote wawili kwa pamoja. Ni makubaliano ya ajabu kati ya sinema na hadhira yake, na uzito wake hauonekani mpaka filamu moja itazamwe kwa karibu.

Katika Kuch Kuch Hota Hai, stelingi ni Rahul, aliyeigizwa na Shah Rukh Khan, ambaye katika wimbo uliobeba jina la filamu huimba kwa sauti ya Udit Narayan, lakini katika Ladki Badi Anjani Hai, miaka mingi baadaye katika hadithi, mtu huyohuyo huimba kwa sauti ya Kumar Sanu, na hakuna mtazamaji anayelalamika kwamba Rahul amebadilika koo. Kabla ya hapo, katika wimbo wa Saajanji Ghar Aaye, sauti hiyohiyo ya Kumar Sanu imekwisha kuwa ya Aman, aliyeigizwa na Salman Khan, ambaye ni mchumba wa Anjali, rafiki wa zamani wa Rahul, na kwa hiyo ndiye mshindani wa Rahul, hata ikawa wanaume wawili wanaompenda mwanamke mmoja wamembembeleza kwa koo moja. Kwa upande wa wanawake mambo ni vilevile: katika Koi Mil Gaya, ambamo marafiki watatu wanashindana kwa wimbo na ngoma mbele ya wanachuo wenzao, Alka Yagnik ni sauti ya Tina, mke wa baadaye wa Rahul, yaani Rani Mukerji, na Kavita Krishnamurthy ni sauti ya Anjali, yaani Kajol, lakini katika Ladki Badi Anjani Hai, Tina akiwa amekwisha kufa katika hadithi, Alka Yagnik ndiye sauti ya Anjali. Si lazima kudai kwamba watengenezaji walikusudia maana yoyote kwa mpangilio huo, kwa kuwa waimbaji hupangwa kwa sababu nyingi za kazi, lakini matokeo yake yamo ndani ya filamu na yana nguvu: sauti ya marehemu inasikika pia kutoka kwa yule ambaye marehemu mwenyewe alimchagua ashike nafasi yake.

Wimbo uliotengenezwa kwa namna hiyo umezaliwa ukiwa tayari umeazimwa. Sauti yake haijafungwa kwenye mwili mmoja, na kwa hiyo mtu wa tatu anapoichukua, awe msichana anayeiimba jikoni au mwimbaji wa taarabu anayeitilia maneno mengine, anaendeleza tendo ambalo studio ya Mumbai ilikwisha kulianza. Jambo hili linaeleza kwa nini nyimbo za Kihindi zilisafiri hadi mbali bila picha zake, kwa redio, kwa santuri na kwa kaseti, na kwa nini zilipofika ziliwakuta watu wakiwa tayari kuzimiliki.

Utayari huo una historia yake, nayo imepita njia ileile iliyopitwa na lugha. Kiswahili kilifika ufukweni mwa Ziwa Tanganyika katika karne ya 19 pamoja na misafara iliyotoka Zanzibar na Bagamoyo, ikapitia Tabora na kuishia Ujiji, ambako wafanyabiashara walivuka maji kwenda Uvira na pande nyingine za ziwa. Wajerumani walipojenga kituo cha kijeshi Usumbura, jina la zamani la Bujumbura, mwaka 1897, walikuja na askari na makarani waliotumia Kiswahili, na Wabelgiji waliowafuata wakati wa Vita Kuu ya Kwanza waliwatenga Waislamu na wazungumzaji wa Kiswahili katika mtaa wa Buyenzi, wakawatenga Wahindi na Waarabu katika mtaa wa Waasia, kwa mpango wa mji uliotaka kila kundi liwe na mipaka yake. Mpango huo haukuweza kuzuia masikio. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na kwa makubaliano ya mwaka 1921 Ubelgiji ilipewa na Uingereza haki ya kutumia maeneo maalumu ya bandari za Dar es Salaam na Kigoma, kwa hiyo shehena ya Usumbura ilishushwa pwani, ikapanda treni, kisha ikavuka ziwa. Mji huo, ingawa ulitawaliwa kwa Kifaransa, ulikula na kuvaa kutoka upande wa Bahari ya Hindi, na ni vigumu kufikiri kwamba njia iliyobeba vitambaa na vyombo vya nyumbani ingeweza kuwakatalia abiria wake kubeba nyimbo.

Pwani yenyewe ilikuwa imekwisha kulewa sinema ya Kihindi. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018 kuhusu kumbi za sinema za Tanzania na watazamaji wake, ameonyesha jinsi filamu ya Awaara ya mwaka 1951, ya Raj Kapoor na Nargis, ilivyogusa watu ambao walitoka ukumbini wakijadili mapenzi, wazazi na haki ya kijana kujichagulia mwenzi. Mombasa alitokea Juma Bhalo, aliyezaliwa mwaka 1942 na kufariki mwaka 2014, ambaye alijenga jina lake kwa kuimba mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa yametungwa na Ahmad Nassir Juma Bhalo, juu ya mahadhi ya filamu za Kihindi, na aliyaimba kwa mitetemo na mapambo ya koo yaliyokuwa karibu mno na ya waimbaji wa India. Tanga ilitoa mtindo wake wa magitaa kupitia bendi za Black Star na Lucky Star, ambamo mwimbaji Shakila alivuma, na mtindo huo ulienea bara kuliko taarabu ya ala nyingi ya Unguja, kwa sababu bendi ndogo yenye magitaa ingeweza kuundwa popote. Yaani muda mrefu kabla ya Kuch Kuch Hota Hai, msikilizaji wa Kiswahili alikuwa ameanza kufundishwa, na waimbaji wa lugha yake mwenyewe, namna ya kulisikia koo la Kihindi.

Wapo waliolikataa jambo hilo kwa hoja nzito. Zein l'Abdin, bingwa wa udi aliyetokea Lamu, alishikilia kwamba taarabu ina mizizi yake katika mahadhi ya Waswahili na ya Waarabu na haina haja ya kunakili sinema, na baadhi ya wahakiki wamekwenda mbali zaidi wakaita uazimaji huo wizi. Lawama hiyo ina haki katika jambo moja tu, nalo ni majina: watunzi kama Shankar na Jaikishan hawakutajwa, na mamia ya mahadhi yaliimbwa kwa vizazi bila msikilizaji kuambiwa yametoka kwa nani. Katika upande wa sanaa, lawama hiyo haisimami. Wimbo wa sinema ya Kihindi kwa kawaida hujengwa kwa sehemu mbili, moja ikiitwa mukhda, ambayo ni maneno ya mwanzo yanayorudi kila mara, na nyingine ikiitwa antara, ambayo ni ubeti unaopanda juu kwa mahadhi tofauti kisha ukashuka kuipokea mukhda tena. Mshairi wa Kiswahili aliyezoea ubeti wenye vina vya kati na vya mwisho, mizani zilizohesabiwa na kibwagizo kinachorudi, aliuona muundo huo akautambua, na kazi yake ilikuwa ngumu kuliko ya mtunzi huru, kwa kuwa alipaswa kutii hesabu ya mahadhi asiyoyapanga yeye, akatimiza vina, na bado akasema jambo lenye fumbo linaloweza kuimbwa mbele ya wakwe. Mtu anayefanya hivyo hawezi kuitwa mwizi kwa kupewa kiunzi tu.

Zaidi ya hayo, Kiswahili chenyewe kina hulka inayokirahisishia uazimaji. Kirundi ni lugha ya toni, maana yake ni kwamba kupanda na kushuka kwa sauti juu ya silabi kunaweza kutofautisha neno na neno, na kwa hiyo mtunzi anayetia maneno ya Kirundi juu ya mahadhi ya kigeni huwa na mizani mbili za kupatanisha, mahadhi yanayotaka kupanda na neno linalotaka kushuka. Ni jambo linalostahili kuheshimiwa, na katika uimbaji wa inanga, ambamo mwimbaji hunong'ona maneno yake juu ya nyuzi za chombo hadi msikilizaji akasogea karibu ili asipitwe, Warundi wamejenga mojawapo ya sanaa za faragha zenye upole mkubwa barani Afrika. Kiswahili kimeacha toni na kubaki na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa sababu hiyo mahadhi yanaweza kukipeleka yanakotaka bila neno kuvunjika. Mji wa Bujumbura, wenye lugha hizo mbili katika kinywa cha mtu mmoja, ulikuwa na mahali pa kunong'ona na mahali pa kupaza, na wimbo wa Kihindi ulipofika uliingia moja kwa moja kwenye upande wa kupaza, ambako maneno kadhaa yenye asili ya Kiarabu, dunia, mahaba, zamani, yalisikika ndani ya wimbo wa kigeni yakiwa karibu na yale ya nyumbani.

Hayo yote ni matayarisho, na matayarisho peke yake hayafanyi filamu ipendwe. Wakati Kuch Kuch Hota Hai ilipotoka, Burundi ilikuwa katika mwaka wa tano wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, na ilikuwa bado chini ya vikwazo vya kiuchumi ambavyo nchi jirani ziliviweka mwishoni mwa Julai 1996, baada ya mapinduzi ya Pierre Buyoya, na kuvisimamisha Januari 1999. Jioni za mji zilikatwa na amri ya kutotoka nje usiku, ambayo haikuondolewa kabisa hadi mwaka 2006. Mitaa mingi ilikuwa imegawanywa kwa kabila na kwa hofu, na Buyenzi, ingawa haukusalimika na mashambulizi ya mwaka 1995, ulijulikana kwa kuendelea kuwa mtaa wa watu mchanganyiko. Katika mazingira hayo ni rahisi kusema kwamba filamu ya karibu saa tatu yenye wanachuo waliovaa nguo za kung'aa, kasri la Eilean Donan la Uskoti likionekana nyuma ya wapendanao wanaoimba, ilikuwa njia ya kuukimbia ukweli.

Kauli hiyo humsahau mtoto aliye katikati ya hadithi. Tina anakufa baada ya kujifungua, na kabla ya kufa anamwandikia binti yake mchanga barua 8, moja ya kila siku ya kuzaliwa, na barua ya mwisho, ambayo mtoto anaifungua akitimiza miaka 8, ndiyo inayomweleza kwamba baba yake aliwahi kuwa na rafiki aliyempenda bila kusema, na kwamba mtoto mwenyewe, aliyepewa jina la rafiki huyo, Anjali, ndiye wa kuwakutanisha tena. Mambo yote mengine katika filamu, chuo, kambi ya watoto, mvua na harusi, yanaendeshwa na karatasi hizo. Katika nchi ambayo vita vyake vinakadiriwa kuwa viliua watu wapatao 300,000, na ambamo watoto wengi walilelewa na shangazi, bibi au mzazi mmoja aliyebaki, hadithi ya mtoto anayemsikia mama yake marehemu kwa njia ya maandishi haikuwa ndoto ya mbali. Kilichokuwa cha mbali ni uwezo ambao filamu inampa mtoto huyo, wa kuzipanga upya nyumba za watu wazima ili walio hai wasiishi peke yao, na shauku ya kuona uwezo huo ukitendeka, hata kwenye kioo cha televisheni, ni shauku inayostahili heshima. Mhakiki anayeiita kukimbia ukweli anapaswa kwanza aeleze ukweli huo ulikuwa na nafasi gani ya kumliza mtu salama.

Wimbo uliobeba jina la filamu, ambao ulimpatia Alka Yagnik tuzo ya kitaifa ya India ya mwimbaji bora wa kike, una sura mbili ndani ya kazi moja. Unakuja kwanza ukiwa wa furaha, katika uwanda wa kijani wa Uskoti, ambako Rahul na Tina wanapendana huku Anjali akiwaza mapenzi ambayo hatayapata, na mtazamaji asiyeelewa neno hata moja huona kwamba wimbo mmoja unawahudumia watu wawili wenye furaha na mtu mmoja anayejidanganya. Baadaye unarudi katika sura ya huzuni, mahadhi yaleyale yakiwa yamepunguzwa mwendo na kuachiwa nafasi, na kurudi huko ndiko kunakoufanya uwe ufasiri wa filamu nzima, kwa sababu msikilizaji hahitaji kuambiwa kwamba kuna kilichopotea, masikio yake yanakumbuka jinsi wimbo ulivyokuwa kabla haujapungukiwa. Kumbukumbu ya aina hiyo haihitaji mkalimani, bali inahitaji msikilizaji aliyekaa tangu mwanzo hadi mwisho, na amri ya kutotoka usiku, kwa ukatili wake wote, iliwakalisha watu.

Saajanji Ghar Aaye ina jambo lake, tena ndiyo inayokaribia zaidi maisha ya Buyenzi. Ni wimbo wa sherehe ya uchumba, wenye ngoma, makofi na kundi la watu wanaomkaribisha bwana anayekuja, na kwa nje hauna huzuni yoyote, lakini bibi harusi mtarajiwa anayesherehekewa bado moyo wake haujakubali. Katika taarabu ya Waswahili hali hiyo ni ya kila siku, kwa kuwa wimbo wa harusi huweza kuchezwa kwa furaha na wanawake waliojitanda leso zinazofanana, huku maneno yake yakimpiga mtu fulani aliyekaa hapohapo na ambaye anajua kwamba ndiye anayesemwa. Wimbo wa Jatin na Lalit hauna fumbo la maneno la aina hiyo, lakini una fumbo la hali, nalo husomeka kwenye uso wa Kajol wakati ngoma zikiendelea, na mwanamke wa Bujumbura aliyelelewa katika sherehe ambamo furaha ya nje haimaanishi kila mtu ameridhika anaisoma sura hiyo kwa wepesi kuliko mtazamaji wa mahali ambapo muziki wa furaha huchukuliwa kuwa furaha.

Siku hizi njia za kuipata filamu zimebadilika. Zipo tamthilia za Kihindi zilizotiliwa sauti za Kiswahili au Kiingereza, zinazorushwa kwa ving'amuzi, na zipo filamu zinazoitwa agasobanuye, neno lililotoka Rwanda, ambazo mfasiri huzieleza kwa sauti yake mwenyewe juu ya picha, sawa na wafasiri wa Tanzania wanavyofanya kwa Kiswahili. Mfasiri huyo ni msanii kamili, na anastahili sifa kwa kuwafungulia wazee na watoto mazungumzo ambayo zamani yalipita juu ya vichwa vyao, lakini wimbo unapoanza anakabiliwa na uamuzi ambao mazungumzo hayamtaki aufanye: aendelee kueleza, apitishe haraka, au aache. Anayepitisha haraka anamnyima mtazamaji nusu ya hadithi, maana katika Kuch Kuch Hota Hai mapenzi ya Anjali yanakiriwa katika nyimbo muda mrefu kabla hayajakiriwa katika maneno. Anayeeleza juu ya Alka Yagnik anatia sauti ya tatu mahali ambapo mbili zilikwisha kupatana. Mfasiri bora ni yule anayesema sentensi moja kabla ya wimbo, akataja nani anampenda nani na nani hajui, akamtaja na mwimbaji kwa jina lake, kisha akaacha wimbo uende hadi mwisho, kwa kuwa watu anaowafasiria wana zaidi ya nusu karne ya kuzisikiliza sauti hizo na hawajawahi kumhitaji mtu wa kuwaonyesha pa kulilia.